UZI: Nilikuwa mkalimani wa wapiga picha Dadaab 2011, kuna jambo linanikera mpaka leo

Dereva_wa_Zamani

Wakuu salaam. Jana jirani yangu hapa South C ameweka kwenye status picha ya mtoto wa Sudan, mbavu zote nje, inzi mdomoni, chini ameandika "tuwaombee" na vile viemoji vya kulia, halafu status inayofuata ni keki ya bethidei ya binti yake. Simlaumu, ni mtu mzuri na sadaka anatoa kweli, lakini ile picha ilinikosesha usingizi kwa sababu yangu mwenyewe ambayo sijawahi kuisema popote. Leo naiandika hapa, ni ndefu, asiyependa kusoma apite tu.

Mimi ni mtu wa Garissa. 2011 nilikuwa na Land Cruiser ya mjomba na Kisomali cha nyumbani, na mwaka ule wa njaa ya Somalia hivyo viwili vilikuwa dhahabu. Waandishi walikuwa wanashuka Dadaab kama nzige, Wazungu, Wajapani, Waarabu, Wakenya wenzetu, kila mtu anataka gari na mtu wa kumuongoza. Kazi yenyewe wanaiita fiksa: unatafuta vibali, unajua askari gani wa kusalimiwa kwanza, unaendesha, unatafsiri, jioni unalipwa dola. Sijawahi kushika hela kama zile tena.

Kwa wasiojua, Dadaab ni kambi za wakimbizi huko kwetu Garissa, ilijengwa kwa ajili ya watu elfu 90 na mwaka ule walipita laki nne. Kuna siku walikuwa wanaingia zaidi ya elfu moja, wametembea wiki mbili tatu kutoka Bay, Bakool na Shabelle ya Chini kule Somalia, na kambi zote tatu, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zimejaa pomoni, kwahiyo wageni wanajijengea vibanda vya miti na matambara nje ya mpaka wa kambi wakisubiri kuandikishwa. Pale nje ya Dagahaley pakaitwa Bulo Bacte, yaani mtaa wa mizoga, maana ndipo wenyeji walipokuwa wanatupa mifugo iliyokufa. Wapiga picha walikuwa wanapapenda sana hapo.

Sasa kisa. Asubuhi moja nilikuwa na mpiga picha, nchi yake siitaji wala gazeti lake. Tukamkuta mama amekaa nje ya kibanda na mtoto wa kama miaka 2 mapajani, amemfunika na mtandio. Jamaa akapiga tatu nne, hakuridhika. Akaniambia mwambie asogee hapa kwenye mwanga. Nikamwambia, akasogea. Mwambie amfunue mtoto kifua. Nikamwambia, yule mama akanitazama mimi, sio mzungu, mimi, halafu akamfunua. Jamaa akapiga kama dakika kumi, akasema mahadsanid, yaani asante, neno nililomfundisha mwenyewe njiani, tukaingia kwenye gari.

Swali langu sio lile la siku zote, eti kwanini mpiga picha asiweke kamera chini amsaidie mtoto. Lile rahisi, mtu yeyote aliyekaa kwenye kochi anaweza kuliuliza. Mimi nauliza nani aliomba ruhusa pale, na mimi niliyefungua mdomo kwa lugha ya yule mama nina fungu gani kwenye ile picha? Maana bila mimi yule jamaa alikuwa bubu.

Karibuni, hata matusi napokea.

Kichwa_Ngumu

Mkuu pole lakini unajitesa bure. Bila hizo picha hao watu wangekufa kimya kimya na usingesikia chochote. Mwaka huo huo 2011 si ndo ile Kenyans for Kenya, watu walichanga kwa M-Pesa, makampuni nayo yakatoa, zikapita milioni 600, mimi nilikuwa mwanafunzi nikatuma mia mbili na nililala na chai tupu siku hiyo. Unadhani nilituma kwa sababu nilisoma ripoti? Niliona picha ya mzee wa Turkana anachemsha matunda ya porini. Ndo hivo tu. Binadamu tumeumbwa na macho, takwimu hazilizi mtu.

BintiMvita

Kichwa_Ngumu umesema kweli na mimi naongezea, hata aliyeitikisa dunia kwa picha za njaa ni mtu wetu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, kakulia Dar es Salaam na ndiko alikofungua Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana mdogo kabisa. Oktoba 1984 ndiye aliyeingia Korem kule Ethiopia na kamera yake pamoja na Michael Buerk wa BBC, habari ikatoka tarehe 23 Oktoba, dunia ikatikisika. Ile tamasha ya muziki ya kuchangia njaa, Live Aid, Julai 1985, zile nyimbo, zile ndege za unga, zote zilianzia kwenye mkanda wa Mo. Babangu alikuwa akisema Wazungu walikuwa na ripoti za ile njaa mezani muda mrefu wakizikalia, akaja Muhindi wa Nairobi na kamera begani wakashtuka.

Na yeye hakuwa mtalii kwenye taabu za watu. Zanzibar walimtia ndani 1966 kwa sababu ya kamera yake hiyohiyo, 1991 ghala la silaha liliripuka Addis Ababa likamkata mkono, msaidizi wake wa sauti John Mathai akafa palepale. Mo akatiwa mkono wa bandia akarudi kazini! Akaja kufa 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Ngazija. Huyo hebu mtu aniambie alikuwa mnyonyaji.

Mwl_Historia

Dada BintiMvita heshima kwako, Mo Amin ni shujaa na hilo sibishi. Ila nikuongezee upande wa pili wa hiyohiyo Korem, maana ninafundisha somo hili na kila mwaka wanafunzi wananishangaa.

Ile habari ilieleza njaa kama kitu cha zama za Biblia. Maneno mazuri, yanachoma moyo. Lakini njaa ya Biblia huletwa na Mungu, na ile ya 1984 haikuwa ya Mungu peke yake. Ukame ulikuwepo ndiyo, lakini Tigray na Eritrea kulikuwa na vita, serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia, inapigana na waasi, masoko yanapigwa mabomu, chakula kinazuiwa kisiende upande wa waasi, halafu serikali ikaanza kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini kuwapeleka kusini, na malori mengine yaliyotumika ni yaleyale ya misaada. MSF ya Ufaransa, wale Madaktari Wasio na Mipaka, ilipolipigia kelele jambo hilo ikafukuzwa nchini Desemba 1985. Sasa mtu aliyekaa London akatazama ule mkanda, aliona nini? Aliona watu wamekaa kwenye ukungu wa alfajiri wanakufa, hana mtu wa kumuuliza. Hakuna mkosaji. Ukiona mtu anakufa na hakuna muuaji unatoa hela, unalala.

Ndo maana mimi nasema kosa kubwa la mwandishi kwenye njaa halipo kwenye lenzi, lipo kwenye maelezo yanayokaa chini ya picha. Picha ya mtoto aliyekonda ya 1984 ukiibandika leo chini uandike kambi ya Zamzam, Darfur, nani atajua? Watoto waliokonda wanafanana. Wanaowakondesha hawafanani hata kidogo, na hao ndo hawapigwi picha, au wakipigwa wamevaa suti wapo mkutanoni.

Kichwa_Ngumu

Mwalimu hiyo ni sawa lakini mwenye njaa hali lawama, anakula unga. Unga kwanza.

Mwl_Historia

Unga kwanza sawa. Uliopelekwa wapi na nani anashika funguo za ghala, hapo ndo tunaanza kuongea.

Chui_wa_Karatasi

Mmeongea yote mmemsahau yule msauzi wa picha ya tai. Kevin Carter, Sudan 1993, mtoto amejikunja chini tai yuko nyuma anamsubiri. Jamaa kapiga picha kaondoka zake kamuacha mtoto, akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi Marekani, dhamira ikamsuta akajiua. Kesi imefungwa, hao watu ni tai wa pili.

Mwandishi_Mchovu

Chui, na wewe umeileta hiyo story kama inavyozungushwa WhatsApp. Nimekuwa kwenye magazeti miaka 19, hiyo picha kila mtu anaijua na karibu kila mtu anaisimulia vibaya, ngoja niiweke sawa.

Ilipigwa Ayod, leo ni Sudan Kusini, Machi 1993. Carter alikuwa na mwenzake João Silva, walishuka na ndege ya msaada ya Umoja wa Mataifa, na Silva amesimulia kwamba wazazi walikuwa wameenda kwenye ile ndege kupokea chakula, watoto wakaachwa kidogo. Kile kituo cha chakula kilikuwa karibu. Carter baada ya kupiga alimfukuza yule tai. New York Times wakaichapisha tarehe 26 Machi, simu zikamiminika, wasomaji wanauliza yule binti aliishia wapi, gazeti likalazimika kuandika taarifa fupi siku chache baadaye kwamba aliendelea kutembea ila haijulikani kama alifika. Pulitzer ilikuja Aprili 1994, na mwezi huohuo rafiki yake Ken Oosterbroek, mpiga picha mwenzake, akapigwa risasi Thokoza kwao Afrika Kusini akafa. Julai Carter akajiua, miaka 33. Alikuwa na madeni, dawa za kulevya, ameona watu wakichomwa moto mbele yake miaka mingi. Kusema ni tai ndo aliyemuua ni kutunga hadithi ya watoto, mwisho wenye funzo.

Ila mimi kinachoniuma kwenye picha hiyo ni kingine. Nani hapa, bila kugugo, anaweza kutaja jina la yule mtoto?

Chui_wa_Karatasi

Sijui. Nilidhani alikufa.

Kichwa_Ngumu

Hata mimi.

NesiTandika

Mimi nimegugo jamani, nikakaa kitako. Kumbe hata sio binti! Mvulana. Gazeti la Hispania lilienda mpaka kijijini 2011 likamkuta baba yake. Mtoto hakufa siku ile wala mwaka ule, alikua mpaka akawa kijana, akaja kufa kwa homa miaka mingi baadaye. Na mkononi alikuwa na kile kikuku cha plastiki cha kituo cha chakula, maana yake alikuwa ameshaandikishwa, kipo kwenye picha muda wote ukikuza. Yaani miaka 18 dunia nzima inabishana kuhusu huyu mtoto na hakuna aliyejua kama ni wa kike au wa kiume.

Hapa wodini kwetu ukimpiga mgonjwa picha bila ruhusa yake unaitwa ofisini siku hiyohiyo. Sasa hao wagonjwa wa kule hawana wodi?

Dereva_wa_Zamani

NesiTandika umenigusa pabaya lakini ngoja nitarudi.

Mwandishi_Mchovu, swali kwako kama mtu wa ndani. Sisi tuliokuwa Dadaab tulikuwa tunaona watu wanaingia tangu mwanzo wa mwaka, wachache wachache, kisha wengi. Kamera zikaja Julai. Kwanini?

Mwandishi_Mchovu

Kwa sababu ya neno.

Wengi hawajui kwamba neno baa la njaa lina vipimo. Kuna mfumo unaitwa IPC, una ngazi tano, na ya tano haitangazwi mpaka mambo matatu yafike: angalau kaya 1 kati ya 5 zimeishiwa chakula kabisa, watoto zaidi ya asilimia 30 wana utapiamlo mkali, na watu 2 kati ya kila 10,000 wanakufa kila siku. Soma hapo mwisho tena. Yaani ili njaa iitwe jina lake lazima watu wawe wanazikwa tayari. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwa Somalia tarehe 20 Julai 2011, na waandishi wote mnaowakumbuka walikata tiketi wiki hiyo. Hesabu iliyokuja kufanywa baadaye ilisema kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu karibu 260,000, nusu yao watoto chini ya miaka 5. Wengi walikuwa wameshafukiwa wakati tangazo linasomwa.

Na onyo lilikuwepo, mvua za mwisho wa 2010 ziligoma na waliokuwa wakifuatilia hali ya hewa walisema mapema. Mimi mwenyewe nilirudi kutoka Wajir na habari ya ng'ombe wanaokufa na bei ya mahindi inayopanda na wachungaji wanaouza mbuzi kwa bei ya kutupa, habari nzuri tu, nimekaa siku tano vumbini. Mhariri akasoma, akaniuliza, watu wamekufa? Nikamwambia bado. Akasema basi bado. Ikatoka ukurasa wa ndani, aya nne, chini ya tangazo la magodoro.

Nilimchukia yule mzee. Halafu miaka sita baadaye nikakaa kwenye kiti kama chake, 2017, kijana akaniletea habari ya ukame, na nikajisikia mwenyewe nikimuuliza kuna waliokufa?

GomaKwetu

Nawasalimia wote. Kiswahili ya huku kwetu Goma mutanivumilia.

Mimi 1994 nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwezi wa saba wakimbizi waliingia toka Rwanda, mu siku chache tu walipita laki nane, mji yote ilijaa watu mpaka mu kiwanja ya shule. Kisha kolera ikaingia. Udongo ya Goma ni mawe ya volkano, huwezi chimba kaburi na jembe, maiti zilikuwa zinafungwa mu mikeka na kulazwa pembeni ya barabara, sisi watoto tunapita hapo kwenda kuchota maji. Na kamera zilikuwa nyingi, mama yangu, nyingi kuliko nilishaona mu maisha yangu. Muzungu mumoja alinipa biskwi ili nisimame mbali, nisionekane mu picha, juu mimi nilikuwa nimenenepa.

Lakini nilipokuwa mukubwa ndiyo nikajiuliza: mwezi wa ine na wa tano, wakati watu walikuwa wanachinjwa pale ngambo, hizi kamera zote zilikuwa wapi? Zingine zilikuwa Afrika Kusini, uchaguzi ya Mandela. Zingine walishaondoka na ndege za kwanza pamoja na wazungu wengine. Zikaja kwa kolera. Na mu ile kambi mwenye aliua jirani yake na mwenye hakuua hata kuku walipigwa picha moja, chini inaandikwa wakimbizi, dunia inalia, unga inaletwa, na wale wakubwa wa mauaji ndiyo walikuwa wanagawa ile unga. Tunajua mwenyewe kile kilitufikia kisha. Congo ingali inalipa.

Kwa hiyo kaka Dereva, mambo ya ruhusa ni kweli, lakini mimi ningependa zaidi mwandishi ajue ni nani amesimama mbele ya kamera yake.

Mwl_Historia

GomaKwetu ningekuwa na kofia ningeivua. Kesho naenda kusoma post yako darasani kama huna neno.

GomaKwetu

Soma tu mwalimu, lakini wasicheke Kiswahili yangu.

Pipeline_Finest

Wasee mnasema ya Sudan na Rwanda, hamkumbuki magaidi walivyovamia hoteli ya dusitD2 Nairobi? 15 Januari 2019, bado milio ya risasi inasikika Riverside, New York Times wanaweka picha ya watu wetu wamekufa kwa meza za hoteli, laptop bado ziko wazi, nguo unaona, viatu unaona. Ndugu wa mtu angeweza kumtambua kwa kuona shati tu. Twitter tuliwaka usiku mzima, Baraza la Habari likawaandikia waitoe, wao wakajibu na maneno yao matamu ya kwamba wanafikiria sana kabla ya kuchapisha na picha ikabaki. Swali lilikuwa moja tu, ingekuwa shule ya kwenu huko Marekani mngeweka hizo maiti?

Chui_wa_Karatasi

Wasingethubutu.

Mwandishi_Mchovu

Kwa haki tu, sio kweli kwamba hawajawahi. Tarehe 12 Septemba 2001 gazeti hilohilo liliweka picha ya mtu anaanguka kutoka kwenye majengo ya New York, kichwa chini. Wasomaji wao wakakasirika vilevile kama nyinyi. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba baada ya ile hasira magazeti ya kwao yaliificha hiyo picha miaka na miaka, sisi tukaambiwa tumeelezwa, tuelewe. Hasira ya msomaji wa kwao ina uzito wa usajili wa kulipia, yetu haina. Ni biashara hapo, ubaguzi unakuja nyuma umebebwa na biashara, au mbele, sijui, nimeshindwa kutenganisha.

Na tusijifanye watakatifu. Ajali ya basi ikitokea huku kwetu nani wa kwanza kuposti miguu ya watu? Sio New York Times. Ni sisi na simu zetu, kabla hata polisi hawajafika. Kanuni za Baraza la Habari la Kenya zina kifungu kizima cha majonzi ya watu, usiwaingilie waliofiwa, lakini kanuni inamshika mwandishi mwenye kitambulisho, mwenye simu na bando haimuhusu.

NesiTandika

Hapo kwa ajali umesema. Mochwari kuna ndugu wanafika wanalia, wanasema tumemuona kwenye grupu.

BintiMvita

Mimi narudi kwa Dereva maana kaachwa peke yake. Ndugu yangu, wewe wajilaumu kama kwamba ulikuwa bwana wa ile kazi. Nyinyi ndio mnaobaki. Mzungu apanda ndege, fiksa abaki na majirani, na ikiharibika ni yeye wa kwanza. Tarehe 12 Julai 1993 Mogadishu, helikopta za Wamarekani zililipua nyumba waliyokuwemo wazee wa kabila kwenye mkutano, waandishi wakaenda kupiga picha za waliouawa, watu kwa hasira wakawageukia wao. Wanne walipigwa hadi kufa. Wawili ni Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia wa shirika la habari la Reuters, pamoja na Dan Eldon aliyekulia Nairobi na Mjerumani Hansi Krauss wa AP. Wale watu hawakuona tofauti ya mwenye kamera na mwenye helikopta. Utasema wamekosea, lakini jiulize kwanini walishindwa kuona tofauti.

Pipeline_Finest

Na sasa angalia Gaza. Waandishi wa nje wamekatazwa kuingia wenyewe, kwahiyo wanaotuletea habari ni wa hapohapo, na Julai 2025 wafanyakazi wa AFP, shirika la habari la Ufaransa, wakasema wenzao kule wanadhoofika kwa njaa, hawana nguvu ya kubeba kamera. Agosti ndo IPC ikatangaza baa la njaa kule. Hapo ile maadili ya "weka kamera chini umsaidie" inafanyaje kazi, mwenye njaa na mwandishi ni mtu mmoja.

Kichwa_Ngumu

Hapo nimekosa jibu aisee.

Dereva_wa_Zamani

Nimerudi. BintiMvita ahsante dada yangu, lakini usinisafishe haraka hivyo, ngoja niseme mengine.

Kuna kitu sisi wakalimani tunakijua na waandishi hawakijui. Tulikuwa hatutafsiri kila kitu. Mwandishi wa TV aliwahi kuniambia muulize huyu baba alijisikiaje kumzika mtoto njiani. Yule mzee alikuwa na ndevu za hina, umri wa babangu. Kwetu humuulizi mtu wa umri ule swali kama hilo mbele ya kadamnasi na maiki mdomoni, ni kumvua nguo. Nikamuuliza kwa Kisomali, mzee mmetembea siku ngapi? Akasema siku kumi na tisa. Nikamgeukia mwandishi nikamwambia, anasema hana maneno. Ikatoka hivyo kwenye TV, mzee anaonekana anasogeza midomo, chini imeandikwa hana maneno.

Nilimdanganya mwandishi, nikawadanganya watazamaji, nikamuwekea mzee maneno ambayo hakuyasema. Mpaka leo naona nilifanya vizuri, nikiwaza tena naona hapana. Mwandishi_Mchovu utanihukumu.

Mwandishi_Mchovu

Sikuhukumu. Ila yule mzee alikuwa na siku kumi na tisa za kusimulia na hakuna aliyezisikia. Hilo ndo ningelia nalo. Siku kumi na tisa ni habari kubwa kuliko alijisikiaje, zimo barabara alizopita, waliomtoza njiani, Al-Shabaab waliokuwa wamefukuza mashirika ya misaada kwenye maeneo yao, kila kitu kimo humo. Mwandishi aliuliza swali bovu na wewe ukaliua, sawa, lakini lile zuri uliloliuliza ungemtafsiria jibu lake.

Dereva_wa_Zamani

Ni kweli. Sikuwahi kuliona hivyo.

Chui_wa_Karatasi

Mimi nafuta ile post yangu ya tai. Lakini bado nasema kuna wengine ni tai kweli, na siku hizi hata hawaendi, wanatengeneza mtoto wa njaa kwa AI wanaweka namba ya kuchangia.

Kichwa_Ngumu

Na watu tunachanga. Unga haujui picha ni feki.

Mwl_Historia

Unga hauendi popote Kichwa_Ngumu, hela inaishia kwa mwenye namba 😂

NesiTandika

Kaka Dereva ulisema nimekugusa pabaya ukasema utarudi, umerudi na ya mzee. Naomba nikuulize bila nia mbaya. Yule mama wa Bulo Bacte anaitwa nani?

Dereva_wa_Zamani

Sijui dada. Nilimuita hooyo, mama, basi. Jamaa alipokuwa anaandika maelezo ya picha usiku aliniuliza jina lake nani, nikamwambia sikumuuliza, akaandika mwanamke wa Kisomali na mtoto wake, Dadaab.

Na kuna kitu sikukiandika mwanzo. Alipomfunua mtoto kifua kabla jamaa hajaanza kupiga, aliniuliza, hii picha ndiyo ya kadi? Maana walikuwa wiki ya tatu hawajaandikishwa, bila kadi hakuna mgao, na waandikishaji nao hupiga picha. Alidhani sisi ni wa mgao.

Nikamwambia ndiyo, kaa vizuri.